Shokapu Ifungwe Wapi, na Iiname Kiasi Gani?

Springi mbili zilizo sawa kwa kila hali, zilizokunjwa kwa waya wa chuma wa aina moja na kwa kipimo kimoja, huweza kufungwa katika magari mawili yenye uzito sawa, kisha gari moja likasafiri kwa utulivu katika barabara ya changarawe na jingine likagonga chasisi yake katika kila shimo. Aghalabu lawama yote huangukia springi. Husemwa kuwa ni laini au ni mbovu, na mwenye gari hushauriwa kununua nyingine iliyo ngumu zaidi. Lakini fizikia na trigonometria ya shule ya sekondari, zikitumiwa kwa makini, huonyesha kwamba kosa huenda lisiwe la springi hata kidogo. Mahali springi ilipofungwa, na pembe iliyoinamishwa, huamua ugumu wa gari kama vile unavyouamua unene wa waya wenyewe.

Jambo hili si la watengenezaji wa magari ya mashindano peke yao. Kila gereji inayoinua gari ili lipite katika makorongo, au inayochomelea kishikizo kipya cha shokapu mahali pa kile kilichovunjika, hubadili mahali na pembe, ipende isipende. Gari hilo huweza kesho kuwabeba wagonjwa au wanafunzi.

Koilova ni nini?

Chini ya gari mna vyombo viwili vyenye kazi mbili tofauti. Springi huubeba uzito, na gurudumu linapopanda juu ya jiwe huiweka akiba nishati ya mshtuko kwa kubanwa. Mwaka 1678 mwanasayansi Mwingereza Robert Hooke alichapisha kanuni yake kwamba kani ya springi huwiana na kiasi ilichobanwa au kuvutwa: ikibanwa maradufu, husukuma maradufu. Lakini springi haiiharibu nishati hiyo, bali huirudisha. Gari lenye springi tu lingeendelea kuruka-ruka muda mrefu baada ya kulivuka tuta.

Kazi ya kuumaliza mruko huo ni ya shokomzoba, ambayo mafundi wengi huiita shokapu. Ndani yake mna pistoni inayolazimisha mafuta kupita katika matundu madogo. Mafuta hupinga, na nishati ya mwendo hugeuka kuwa joto. Tofauti na springi, shokapu haijali imebanwa kiasi gani. Inachojali ni kasi ya kubanwa au kuvutwa kwake.

Vyombo hivi viwili vikiunganishwa, springi ya koili ikavikwa juu ya mwili wa shokapu na vyote vikashikwa kwa bolti mbili tu, moja juu na moja chini, chombo kinachopatikana huitwa koilova. Kinapendwa sana katika magari ya jangwani, kama yale yanayoshindana katika rasi ya Baja California, Mexico, ambako mashindano makubwa ya masafa marefu yalianza mwaka 1967. Faida yake ni kwamba huchukua nafasi ndogo na huruhusu gurudumu kusafiri juu na chini kwa umbali mkubwa.

Hata hivyo, haifai kuichanganya koilova na mpangilio wa kawaida wa springi za koili. Range Rover ya mwaka 1970 na Land Rover 110 ya mwaka 1983 zilitumia springi za koili, na mbele shokapu ilipita katikati ya springi. Lakini springi ilikalia vikalio vyake, na shokapu ikashikwa na vishikizo vyake. Bolti za shokapu hazikuubeba uzito wa gari. Katika koilova huubeba. Umuhimu wa tofauti hii utaonekana mbele.

Kanuni ya mwinamo

Ichukuliwe ekseli nzima, isiyokatika katikati, ambayo magurudumu yake yote mawili yanapanda kwa pamoja. Shokapu ikisimama wima, ekseli ikipanda milimita 10, shokapu nayo hubanwa milimita 10. Ikiinamishwa, hubanwa pungufu, kwa maana sehemu ya mwendo wa ekseli hutumika kuilaza badala ya kuifupisha. Kwa mwendo mdogo, kiasi cha kubanwa ni mwendo wa ekseli mara kosaini ya pembe ya mwinamo, pembe hiyo ikipimwa kutoka mstari wima.

Hiyo ni hasara ya kwanza. Ya pili ni kwamba kani ya springi hupita katika mstari wa shokapu, nao sasa umeinama. Sehemu ya kani hiyo inayolinyanyua gari ni ile ya wima tu, yaani kani nzima mara kosaini ya pembe ile ile. Sehemu iliyobaki husukuma chasisi kwa ubavu wala haibebi kitu. Maadamu kosaini imeingia mara mbili, ugumu unaohisiwa na gari ni ugumu wa springi mara kosaini iliyozidishwa kwa kosaini:

Ugumu wa wima = ugumu wa springi × kosaini ya pembe × kosaini ya pembe

Matokeo yake ni haya, ugumu wa shokapu iliyo wima ukihesabiwa kuwa 1:

Nyuzi 0: 1.00
Nyuzi 10: 0.97
Nyuzi 20: 0.88
Nyuzi 30: 0.75
Nyuzi 40: 0.59
Nyuzi 45: 0.50
Nyuzi 60: 0.25

Jedwali hili lastahili kuangaliwa kwa utulivu. Nyuzi 10 za kwanza hugharimu karibu bure: asilimia 3 tu. Lakini kadiri shokapu inavyolala, kila nyuzi 10 zinazoongezwa hugharimu zaidi, na kwenye nyuzi 45 nusu nzima ya springi iliyonunuliwa haifanyi kazi. Uwezo wa shokapu wa kuutuliza mruko nao hupungua vivyo hivyo, kwa sababu kasi ya pistoni hupungua kwa kosaini ile ile, na kani ya mafuta nayo huelekea upande.

Pembe haitulii

Watu wengi wakilifahamu jambo hilo husema kwamba dawa ni rahisi: ikiwa nusu ya ugumu imepotea, na ifungwe springi yenye ugumu maradufu. Hapa ndipo penye hatari, kwa sababu pembe iliyopimwa gari likiwa limesimama si pembe iliyopo gurudumu linapolikuta tuta.

Ichukuliwe shokapu yenye urefu wa milimita 600 kutoka bolti hadi bolti, gari likiwa limesimama. Bolti ya juu imefungwa kwenye chasisi, nayo ya chini hupanda wima pamoja na ekseli. Katika gari la kwanza shokapu imeinama nyuzi 20. Ekseli ikipanda milimita 120, shokapu hubanwa milimita 111, na mwinamo wake hufikia karibu nyuzi 25. Sehemu ya ugumu inayofanya kazi hushuka kutoka 0.88 hadi 0.82, nayo ni hasara ndogo.

Katika gari la pili shokapu imeinama nyuzi 45. Ekseli ikipanda milimita 120 zile zile, shokapu hubanwa milimita 78 tu, na mwinamo wake hufikia karibu nyuzi 54. Sehemu inayofanya kazi hushuka kutoka 0.50 hadi 0.34. Kwa maneno mengine, kadiri gurudumu linavyopanda, ndivyo springi inavyozidi kuwa laini, na hali hii hutokea wakati hasa ugumu unapohitajika ili chasisi isigonge. Springi yenye ugumu maradufu haiponyi kasoro hii. Gari likiwa limesimama itarudisha 1.00, lakini gurudumu likishapanda milimita 120 itabaki 0.68. Gari litakuwa gumu katika vishimo vidogo na legevu katika mashimo makubwa, kinyume kabisa cha linavyotakiwa kuwa.

Tena hali halisi ni mbaya kidogo kuliko tarakimu hizi. Springi iliyokwisha kubanwa na uzito wa gari, kila inapozidi kulala, huigeuza sehemu nyingine ya kani yake kutoka wima kwenda ubavuni. Gari lililojazwa mizigo ndilo linalopata hasara kubwa zaidi, kwa kuwa mzigo huishusha chasisi na kuilaza shokapu hata kabla safari haijaanza.

Mahali pa kufunga: kanuni ya wenzo

Magari mengine hayana ekseli nzima, bali kila gurudumu hushikwa na mkono wake unaozunguka kwenye egemeo lililo katika chasisi. Mkono huo ni wenzo. Shokapu ikifungwa katikati ya mkono, gurudumu likipanda milimita 100 shokapu hubanwa 50 tu. Na kani yake, kwa kuwa inasukuma karibu na egemeo, hufika kwenye gurudumu ikiwa nusu. Nusu mara nusu ni robo. Hapa pia hasara huingia mara mbili, kama katika mwinamo.

Kwa mfano, ikiwa gurudumu linahitaji ugumu wa nyutoni 30 kwa kila milimita, na shokapu imefungwa kwenye sehemu 0.6 ya urefu wa mkono kutoka egemeo, uwiano ni 0.6 × 0.6 = 0.36. Springi inayohitajika ni 30 ÷ 0.36, yaani nyutoni 83 kwa milimita. Shokapu hiyo ikiinamishwa pia nyuzi 20 kutoka pembemraba na mkono, springi hapana budi iwe 83 ÷ 0.88, karibu nyutoni 94 kwa milimita. Fundi anayesogeza bolti ya chini sentimita chache ili tairi isiguse shokapu amebadili springi bila kuigusa.

Katika mkono wa namna hii jambo la kuangalia ni pembe kati ya shokapu na mkono wenyewe. Shokapu hufanya kazi kwa ukamilifu inapokuwa pembemraba na mkono. Ikipangwa ili pembe hiyo iikaribie pembemraba kadiri gurudumu linavyopanda, ugumu huongezeka pale unapohitajika. Ikipangwa ili iiache pembemraba, ugumu hupungua. Springi ni ile ile na bolti ni zile zile. Tofauti imo katika mahali palipochaguliwa kwa ajili ya bolti ya juu.

Kwa ekseli nzima kuna hesabu nyingine, nayo inahusu kulala kwa gari kwenye kona. Uwezo wa springi mbili wa kulizuia gari lisilalie upande huwiana na umbali baina yao uliozidishwa kwa wenyewe. Shokapu mbili zilizokuwa umbali wa milimita 1,200 zikisogezwa ndani hadi 1,000, uwezo huo hushuka hadi 0.69, yaani karibu theluthi moja hupotea. Gari lenye shehena juu ya paa haliwezi kuisamehe hasara hiyo. Kwa hiyo bolti za chini na ziwe karibu na magurudumu kadiri nafasi inavyoruhusu.

Kwa nini basi shokapu huinamishwa?

Msomaji aweza kuuliza kwa nini shokapu zote zisisimamishwe wima. Sababu ya kwanza ni nafasi. Shokapu ndefu iliyosimama wima ingetoboa sakafu ya gari au ingehitaji mnara mrefu juu ya chasisi. Sababu ya pili ni safari ya gurudumu: kwa kuwa shokapu iliyoinama hubanwa kidogo kuliko gurudumu linavyopanda, shokapu fupi huweza kuhudumia safari ndefu. Sababu ya tatu ni kupishana na tairi, hasa gurudumu linapokata kona. Basi mwinamo si kosa. Ni ununuzi wa nafasi kwa bei ya ugumu, na mwenye kununua anapaswa kuijua bei. Hadi nyuzi 20 bei hiyo haifikii sehemu moja ya nane. Kupita nyuzi 30 hupanda upesi.

Aina ya shokapu nayo huweka mpaka. Shokapu ya mirija miwili, mmoja ndani ya mwingine, huwa na hewa au gesi juu ya mafuta katika mrija wa nje. Ikilazwa mno au ikipinduliwa, hewa huingia mahali pa mafuta, na pistoni hukosa kitu cha kuipinga. Shokapu ya mrija mmoja, ambayo gesi yake imetengwa na mafuta kwa pistoni ya pili inayoelea, huweza kufungwa katika mwinamo wowote.

Vishikizo na hatari yake

Kani inayosukuma ubavuni haipotei hewani. Ikiwa kila koilova inatakiwa kutoa kani ya wima ya nyutoni 5,000, basi katika mwinamo wa nyuzi 20 shokapu yenyewe hubeba nyutoni 5,320, na kishikizo chake husukumwa kwa ubavu kwa nyutoni 1,820. Katika mwinamo wa nyuzi 45 shokapu hubeba nyutoni 7,070, na msukumo wa ubavu hufikia nyutoni 5,000 kamili. Hesabu hiyo ni ya gari lililotulia. Katika mashimo kani huwa kubwa mara kadhaa.

Katika barabara ya changarawe iliyojikunja mawimbi, mizigo hiyo hurudi bila kukoma. Gari linalokwenda kilomita 60 kwa saa juu ya mawimbi yaliyoachana sentimita 80 hupigwa karibu mara 21 katika kila sekunde. Wala mawimbi hayo hayatokani na springi mbaya za magari yanayopita: mwaka 2007 Nicolas Taberlet, Stephen Morris na Jim McElwaine walionyesha kwa majaribio kwamba hujitokeza hata chini ya gurudumu lisilo na springi, mradi mwendo uvuke kasi fulani. Chuma kinachopigwa hivyo kwa saa nyingi huchoka, na ufa huanzia kwenye kona ya kishikizo au pembeni mwa mshono wa kuchomelea.

Kwa sababu hiyo ni hatari kuifunga koilova kwenye vishikizo vilivyotengenezwa kwa shokapu ya kawaida. Vishikizo hivyo vilipimwa kwa kani ya mafuta tu, si kwa uzito wa gari. Katika mpangilio wa kawaida kishikizo cha shokapu kikivunjika, gari litaruka-ruka lakini springi bado italibeba. Katika koilova kikivunjika, kona nzima ya gari huanguka juu ya tairi. Kishikizo kizuri huishika bolti pande zote mbili, kimechomelewa kwenye sehemu imara ya chasisi, na kimetiwa mwega upande ule unaopokea msukumo wa ubavu.

Utaratibu wa kazi

Kutokana na hayo, utaratibu ufaao ni kupima kwanza na kununua springi mwisho. Gari huinuliwa na kuegemezwa kwenye stendi imara, springi zikiwa zimeondolewa. Gurudumu hupandishwa kwa jeki hadi mwisho wa safari yake, kisha hushushwa hadi mwisho wa chini, na katika kila hali urefu na pembe ya shokapu hupimwa na kuandikwa. Huangaliwa kwamba kizuizi cha mpira kinaguswa kabla shokapu haijafikia mwisho wa kubanwa. Kwamba mshipi wa kuizuia ekseli unakaza kabla shokapu haijavutwa yote. Na kwamba bushi za bolti haziminywi katika pembe yoyote, kwani bushi ikikwama fito ya pistoni hupinda, sili huliwa, na mafuta huvuja. Hayo yakikamilika ndipo ugumu wa springi ukokotolewe kwa uwiano wa wenzo na kwa kosaini ya pembe.

Jaribio la darasani

Rula ya mita hutobolewa upande mmoja na kupachikwa kwa msumari ukutani ili izunguke kwa urahisi. Springi huning'inizwa wima kutoka msumari mwingine na kufungwa kwenye rula sentimita 60 kutoka egemeo, kisha urefu wa kamba hurekebishwa hadi rula ilale mlalo. Mzigo wa gramu 50 hutundikwa kwenye ncha ya rula, na kiasi cha kushuka hupimwa. Springi ikisogezwa hadi sentimita 30, rula ikarudishwa mlalo na mzigo ule ule ukatundikwa, ncha itashuka karibu mara nne, wala si mara mbili. Kwa upande wa mwinamo, wanafunzi na wachore shokapu ya milimita 600 kwenye karatasi ya grafu kwa skeli ya 1 kwa 5, katika nyuzi 20 na 45, wapandishe bolti ya chini milimita 120, kisha wapime urefu na pembe mpya kwa rula na protrakta.

Maswali

1. Springi yenye ugumu wa nyutoni 60 kwa milimita imefungwa kwenye ekseli ikiwa na mwinamo wa nyuzi 30. Ugumu wake wa wima ni kiasi gani?
2. Mkono una urefu wa milimita 500, na shokapu imefungwa pembemraba nao, milimita 350 kutoka egemeo. Gurudumu linahitaji ugumu wa nyutoni 30 kwa milimita. Springi iwe na ugumu gani?
3. Shokapu iliyoinama nyuzi 45 inabeba kani ya nyutoni 6,000 katika mstari wake. Kishikizo kinasukumwa kwa ubavu kwa kani gani?

Majibu: (1) nyutoni 45 kwa milimita; (2) karibu nyutoni 61 kwa milimita; (3) karibu nyutoni 4,240.